Ensaiklopidia ya falsafa ya Stanford ni bure: maoni yangu baada ya kuitumia kwa simu kutoka Lamu

Kuna vijana hapa mjini wanasoma digrii kwa mtandao na kuna walimu wenzangu wamerudi kusoma, wote swali lao ni hilo hilo, mtu hana kadi ya laibrari ya chuo na ataka kusoma falsafa ya maana, afanyeje? Mimi nawaambia nendeni plato.stanford.edu na musitoe hata shilingi. Sasa niieleze vizuri maana naona watu wanatupa pesa pengine.

Hiyo ni Stanford Encyclopedia of Philosophy. Imeanza 1995, aliyeisimamia tangu mwanzo ni Edward Zalta, na makala zimeshapita 1,700. Kila makala ina mwandishi wake aliyebobea kwenye jambo hilo na haitoki mpaka wajuzi wengine wameipitia. Na mwandishi haachi tu akaenda zake, anatakiwa airudie kila baada ya miaka kadhaa, ndio maana pale juu wanakuwekea tarehe iliyotoka mara ya kwanza na tarehe ya marekebisho. Hilo mimi ndilo lililonifanya niiamini kuliko vitabu vingi vya zamani vilivyojaa vumbi kwenye makabati yetu.

Kwa upande wa simu sina lawama. Ni maandishi matupu, hakuna matangazo, hakuna video inayojicheza yenyewe, hawakuulizi imeli wala paswedi. Netiweki ya Lamu munaijua, stima ikipotea kidogo basi, lakini ukurasa ukishafunguka umefunguka, unapanda nao boti ya Mokowe ukisoma mpaka ng'ambo na bando haijaguswa. Ukitaka PDF iliyopangwa vizuri kuna uanachama wa ada ndogo kwa mwaka, mimi sijaona haja.

Ubaya wake: Kiingereza kizito, na makala nyingine ni refu mpaka unasahau ulianza na nini. Zile za mantiki zimejaa alama za hesabu, mimi huzipita tu.

Sasa linganisha na upande wa pili. Kuna kampuni moja kubwa ya majarida, siitaji, nilikuwa nataka makala moja tu ya kurasa ishirini, ikaniambia lipa kama dola 40, yaani zaidi ya shilingi elfu tano za Kenya kwa makala moja ambayo hata hujui kama itakufaa. Na watu wasioijua kazi hii hawaamini ukiwaambia kwamba aliyeandika hapati kitu humo, waliompitia hawalipwi, profesa anaandika bure, mwenziwe anakagua bure, halafu chuo chao hao hao kinainunua tena kwa pesa nyingi. Wallahi biashara hiyo hata dalali wa viwanja hajaifikia.

Ndio maana miaka hii wahariri wenyewe wa majarida ya falsafa wamechoka. Mwishoni mwa 2023 Wiley, kampuni kubwa ya kuchapisha majarida, ilimuondoa Robert Goodin kwenye Journal of Political Philosophy, jarida ambalo yeye mwenyewe ndiye mhariri mwanzilishi, na wahariri wenzake kibao wakatoka naye. Halafu Mei 2024 wahariri wa Philosophy & Public Affairs, jarida jingine la Wiley, la tangu mwanzo wa miaka ya 70 na lenye heshima zake, wakajiuzulu wote kwa pamoja, hata mmoja hakubaki. Malalamiko yao yalikuwa kwamba kampuni ya biashara faida yake iko kwenye kutoa makala nyingi iwezekanavyo, na jarida zuri linaishi kwa kuchuja. Goodin akafungua Political Philosophy, hao wengine wakafungua Free & Equal, yote mawili chini ya Open Library of Humanities, mchapishaji asiyetafuta faida, ambayo msomaji halipi na mwandishi halipi. Kwa hivyo kabla hujalipia kitu katafute huko kwanza, na ukikosa andika jina la makala kwenye PhilPapers uone kama mwandishi ameiweka nakala bure kwenye PhilArchive, mara nyingi utaikuta.

PhilPapers yenyewe ni faharasa kubwa waliyoianzisha David Bourget na David Chalmers, bure kwa mtu binafsi, na wana kitu kimoja kilichotufurahisha sana barazani. Mwaka 2020 waliwauliza wanafalsafa, wakajibu 1,785, wengi wa vyuo vya Kizungu, kuhusu maswali makubwa makubwa. Nilikuwa barazani mtaa wa Langoni hapa Lamu nikiwasomea wazee baada ya Maghrib, mzee mmoja akanikata, "Sasa hao, mwalimu, wamuamini Mngu?" Nikamwambia ami, kama asilimia 67 wamesema hapana, waamini ni kama 19. Watu wakaguna! Nikawaambia ngojeni, wale waliobobea kwenye falsafa ya dini hasa wengi wao ni waamini. Mzee akacheka, "Aa, basi walosoma wamejua." Mimi nilimwambia si lazima iwe hivyo, huenda mwenye imani tayari ndiye anayeifuata fani hiyo, lakini wapi, baraza ilishahukumu. Tulipofika kwenye hiari ya binadamu, kwamba asilimia 59 wanasema mtu anaweza kuwa na hiari hata kama kila jambo lina sababu iliyolitangulia, hapo ikawa ni kadari na mjadala ukaenda mpaka adhana ya Isha.

Turudi kwenye Stanford. Kuhusu Afrika si haba, lakini si nyingi. Kuna makala nzuri ya Dismas Masolo kuhusu falsafa ya wahenga, inamueleza marehemu Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alivyokwenda kwa wazee wa vijijini kama Paul Mbuya Akoko akawahoji ili aonyeshe kwamba Mwafrika mmoja mmoja hufikiri na kuhoji, si kufuata mila tu. Anza na hiyo. Kuna ya Kwame Gyekye kuhusu maadili pia. Lakini wazee wengi wa Oruka ni wa bara, na pwani yetu kwenye ensaiklopidia hii sijaiona. Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mjuzi wa Kiswahili, mzaliwa wa Matondoni hapa hapa Lamu, Mjerumani Kai Kresse amekaa Mombasa miaka akaandika kitabu kuhusu yeye na wenziwe kama watu wa fikra, lakini kwenye ensaiklopidia hana makala. Hapo nimekata nusu nyota, na nimeikata kwa uchungu.

Na hii bure isikudanganye. Waandishi wake hawalipwi, wanaandika kwa sababu kuna chuo kinawapa mshahara, na wanaoiendesha wanaishi kwa mfuko uliochangwa na Stanford na laibrari za nchi nyingi. Sasa vyuo vyenyewe vinafunga milango ya falsafa. Middlesex kule Uingereza walifunga 2010, Kent wakatangaza kuiondoa 2024. Texas A&M kule Marekani mwanzo wa 2026 profesa wa falsafa aliambiwa atoe vipande vya Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwenye somo lake kwa sababu ya sheria zao mpya kuhusu mambo ya jinsia, Plato! Kwetu wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49 mwaka 2025 wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Mhadhiri anayedai mshahara wake wa miaka ile hana nafasi ya kukaa akaandika makala ya bure kuhusu Nabhany, na hao wa Kent wakishapelekwa nyumbani, makala zao nani atazirekebisha? Hilo ndilo linalonitia wasiwasi na huduma hii, wala si spidi wala sura yake.

Kwa hivyo nyota nne na nusu. Mwanafunzi wa sekondari asijisumbue, itamvunja moyo. Aliye chuoni aitumie lakini akiinukuu kwenye kazi yake asinakili linki ya juu, maana maandishi hubadilika mhadhiri akaja kukuta kitu kingine, kila makala ina sehemu ya jinsi ya kuinukuu na inakupeleka kwenye toleo la msimu lililohifadhiwa ambalo halibadilishwi tena. Mwalimu wangu mmoja alikuwa anarudisha kazi nzima kwa ajili ya hilo tu.