Warsha ya watoto ya kuchora na kuandika mashairi: kuchorea nje, au kuokota na kurudi ndani?

Ukimpeleka mtoto mtoni au mlimani na daftari lake, anapata harufu, upepo na sauti ambazo chumbani hazipo. Akiandika pale pale, haandiki "mto ni mzuri". Anaandika jiwe lililomtelezesha. Ila nje kuna vurugu zake. Karatasi zinapeperuka (zibane kwenye ubao), rangi za maji zinakauka juani kabla brashi haijafika mbali, na muda si muda wadogo wameshahamia kwa siafu. Penseli na mkaa vinatosha.

Njia ya pili ni kutembea kwanza, kuokota majani, mbegu na kokoto, kisha kurudi ndani. Hapa mtoto hutulia. Jani analilaza mgongo juu, maana mishipa imejitokeza zaidi upande huo, analifunika kwa karatasi na kusugua penseli kwa ubavu. Umbo la jani linaibuka lenyewe. Mashairi nayo hupata muda wa kusahihishwa. Kinachopotea ni ukubwa wa mandhari, kwa kuwa bonde haliingii mfukoni.

Kwa walio chini ya miaka 8 ningechagua kuokota. Wakubwa, hasa wapenda kuandika, watoe nje, hata wingu likitanda.