Kipimo cha kromosomu kwa mtoto mwenye kifafa kisichosikia dawa: tathmini ya mzazi

Nimelipia huduma mbili za maabara kwa ajili ya binti yangu: kipimo cha maikroarei, ambacho ni kipya na cha bei kubwa, na kipimo cha zamani cha kuzitazama kromosomu (nyuzi zilizo ndani ya seli, zinazobeba vinasaba) kwa darubini, ambacho wataalamu hukiita kariotaipu. Kile cha bei kubwa kilituambia kwamba mtoto hana kasoro. Cha zamani ndicho kilichotupatia jina la ugonjwa, yaani pete ya kromosomu namba 20, lakini nacho kilifaulu kwenye jaribio la pili tu, na sababu ya kushindwa mara ya kwanza ndiyo iliyonifanya niandike.

Binti yangu alikaa, akatembea na kusema kwa wakati wake, na hadi darasa la tatu alikuwa akisoma vizuri. Alipofika miaka 9 akaanza kuganda. Mara ya kwanza nilimkuta ameshika birika, macho wazi, chai ikimwagika mezani, na nilipomwita alinitazama kama mtu aliyesikia jina la jirani. Nilimnyang'anya birika, lakini fahamu zake hazikurudi sawasawa hadi ilipopita kama nusu saa. Siku nyingine alijawa na hofu na kusema kuna mtu amesimama mlangoni. Shuleni waliona ukaidi, na baadhi ya ndugu waliona mashetani. Dawa tatu za kifafa zilijaribiwa bila mafanikio, na picha ya MRI ya ubongo haikuonyesha tatizo lolote.

Maikroarei hupima kiasi: hueleza kama kuna kipande cha vinasaba kilichopungua au kuzidi. Umbo la kromosomu hakilioni. Kromosomu ya kawaida ni kama kijiti chenye ncha mbili, na inapotokea ncha hizo zikaungana, kijiti hugeuka kuwa pete. Mara nyingi kipande cha mwishoni hupotea katika muungano huo, na hapo maikroarei huonyesha upungufu. Lakini katika pete ya kromosomu namba 20, hasa kwa watoto ambao sehemu tu ya seli zao ndizo zenye pete, ncha zinaweza kuungana bila kupoteza chochote kinachopimika, kwa hiyo majibu ya maikroarei hutoka safi. Ninasikitika kwamba pale tulipokilipia hakuna aliyetueleza jambo hili kabla ya kutoa risiti.

Kariotaipu ya kwanza, iliyofanywa mahali pengine, ilihesabu seli 20 na kutangaza kwamba zote ni za kawaida. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu wa watoto ndiye aliyekataa kuridhika. Alichukua fomu ya maabara nyingine na kuandika kwa mkono wake kwamba anashuku pete ya kromosomu 20, na kwamba zihesabiwe seli 100. Huduma ya maabara hiyo ninaipa sifa inayostahili. Muuguzi alisisitiza tuje Jumatatu ili damu isikae bandarini au uwanja wa ndege mwisho wa juma, kwa kuwa kipimo hiki kinahitaji seli hai: hukuzwa kwa siku kama tatu, husimamishwa katikati ya kugawanyika, kisha hutiwa rangi. Pete ilionekana katika seli 6 kati ya 100. Kwa uwiano huo, mtu anayehesabu seli 20 anaweza kabisa asiione hata moja, kama ilivyotupata.

Lililonigusa zaidi ni ushauri baada ya majibu, ambao ulikuwa ndani ya bei ileile. Mshauri alitutolea picha yenyewe, jozi zimepangwa kwa mistari, na chini ya namba 20 kijiti kimoja kimesimama na kando yake pete ndogo kama ya pazia. Alitueleza kwamba kwa kawaida kadiri seli zenye pete zinavyokuwa chache ndivyo kifafa huchelewa kuanza, na kwamba kuporomoka kwa masomo na tabia huja pamoja na kifafa hicho. Haukuwa uvivu wala malezi mabaya. Alisema pia, bila kuzungusha maneno, kwamba ugonjwa hauna tiba ya kuuondoa na kwamba dawa huenda zisifaulu kuzuia mishtuko yote. Nilishukuru kuambiwa hivyo.

Nilimuuliza kuhusu watoto wenye pete katika kromosomu nyingine, akanifafanulia kwamba kila pete ina njia yake. Ya kromosomu 14 huleta degedege mapema, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, pamoja na kuchelewa kukua kiakili. Ya 22 huchelewesha sana usemi na kulegeza misuli, na kwa kuwa pete hupotea kirahisi seli zinapogawanyika, mtoto huhitaji kufuatiliwa asije akaota uvimbe katika mishipa ya kusikia, kwani jeni la kuzuia uvimbe huo limo katika kromosomu hiyo ya 22. Kugawanyika huko kwa shida ndiko pia kunakowafanya baadhi ya watoto wenye pete wabaki wafupi hata wanapokula vizuri. Alitupatia kijitabu cha shirika la Unique la Uingereza, ambalo hutoa vijitabu vya magonjwa adimu ya kromosomu bure mtandaoni. Tulichopewa sisi kilikuwa cha Kiingereza, naye alikaa akikisoma pamoja na mama yangu kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa.

Kasoro zipo. Tuliahidiwa majibu baada ya siku 21, yakaja siku ya 38, na kila nilipopiga simu nilijibiwa na mtu mpya asiyejua lolote. Kubwa zaidi, huduma haikuwa na kipimo cha umeme wa ubongo cha usiku kucha, ingawa mshauri mwenyewe alisema katika ugonjwa huu mishtuko mingi hujificha usingizini. Tulikipata kwingine baada ya miezi miwili. Karatasi zilionyesha mishtuko 14 katika usiku mmoja, nami niliyelala naye kitanda kimoja sikuwa nimeona hata mmoja.