Nimesoma diploma ya unesi mtandaoni nikiwa kazini Tanga, uzoefu wangu

Kila siku naona watu wanaulizia kusoma unesi mtandaoni, eti ni sawa au bora mtu aende chuo akakae hosteli, basi na mi niseme yangu maana nimeipitia. Mi ni nesi wa cheti, niko kituo cha afya hapa Tanga mjini, diploma nikaichukua kwa mtandao huku naendelea na kazi. Sio mtandao mtupu lakini, ni mseto, yaani nadharia unasoma kwenye simu au laptopu, kila semista mnaitwa chuoni mnakutana na walimu, halafu vitendo unafanya hospitali na kuna mtu anakusimamia na kukusainia.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake: kama una cheti na leseni na uko wodini tayari, mtandaoni inafaa na inafaa sana. Kama umemaliza fomu foo juzi na sindano unaiona unapochomwa wewe, nenda chuo ukakae.

Nilichokipenda mimi ni kwamba unachosoma mchana unakikuta leba usiku. Mfano mzuri ni patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua. Sisi wa zamani tulifundishwa uchungu umekolea kuanzia mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4, na kuna ule mstari wa tahadhari wa sentimita 1 kwa saa, mama akiuvuka unaanza kuhangaika na rufaa. Kwenye moduli ya ukunga ndo nakutana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020, kwamba sasa wanahesabu kuanzia sentimita 5 na ule mstari wameutoa, maana wapo wanawake wengi tu wanaofunguka taratibu kuliko hapo na wanajifungua salama. Nikaenda nayo zamu ya usiku moto moto. Tuna bi mkubwa mmoja pale, mkunga hasa, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwanangu, mie nazalisha toka hujazaliwa, wapo wanaokawia na wapo wanaokufia, simu yako imekwambia utawajuaje?" Tukakaa tukabishana pale, mapigo ya mtoto, mikazo, rangi ya maji, mama ana hali gani, nikajifunza zaidi ya moduli nzima. Asubuhi akaniambia hebu nitumie hiyo pidiefu. Fomu tunayojaza pale bado ni ile ya zamani kwa hiyo tunajaza hiyohiyo, ila sasa naijaza nikijua nafanya nini. Hicho kitu mwanafunzi wa hosteli anakisubiri mpaka apangiwe wodi.

Sasa upande wa pili. Kuna vitu haviingii kupitia simu hata uwe na bando la mwezi mzima. Chukua dripu tu. Lita moja kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, unazidisha mililita 1000 kwa 20 unagawa kwa dakika 480, jibu 42 kwa dakika. Kwenye kwizi kila mtu anapata. Haya sasa simama kitandani, mgonjwa anageuka geuka, ndugu yake anakuuliza maswali, wewe macho kwenye saa huku kidole kinakaza na kulegeza ile rola mpaka matone yafike 42 kweli na yabaki hapo hata mkono ukikunjwa. Au presha ya kusikiliza kwa sikio, ule mdundo wa kwanza na pale unapopotea, video inakuonyesha vizuri tu lakini sikio lako halijafundishwa. Mi nilikuwa navyo hivi tayari toka cheti ndo maana sikupata shida, na sitaki mtu anayeanza sifuri aone mi nimeweza akadhani ni mtandao umeniwezesha.

Tena hili sio maneno yangu tu. Pale hospitali ya Haydom, kule Mbulu, waliwafundisha wahudumu kumsaidia mtoto aliyezaliwa hapumui, mafunzo ya siku moja na mdoli. Kwenye mdoli wakafanya vizuri, wodini hakikubadilika kitu cha maana. Walipokuja kuanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kwa hiyo hata darasa la ana kwa ana peke yake halitoshi jamani, mkono unataka kurudiarudia. Chuo kikikwambia kina mdoli, uliza unaushika mara ngapi.

Kero zangu sasa. Mfumo wa chuo chetu ulikuwa una tabia ya kuganda siku ya mwisho ya kutuma asaimenti, kila mtu anapakia saa sita kasoro usiku, af unapiga simu hakuna anayepokea. Bando nalo linakula, video za masomo ni nzito, mi nilikuwa nashusha alfajiri nikitoka zamu. Lakini kubwa kuliko yote ni ratiba ya kazi. Ukisoma mtandaoni inchaji wako, yaani mkuu wa wodi, anakuona upo, hana habari kwamba una mtihani, anakupanga usiku kama kawaida na wenzako wanataka mbadilishane. Ukiwa chuoni angalau inajulikana hayupo, kaenda masomoni. Andika barua ya ruhusa mapema, sio maneno ya mdomo, na ulizia kabisa siku za kukutana chuoni zitahesabiwa vipi.

Shoga yangu tuliyesoma wote cheti yeye alienda chuo kabisa, watoto akawaacha Muheza kwa bibi yao. Analalamika hosteli, analalamika chakula, lakini mwalimu alikuwa anamshika mkono kumuelekeza na wamesoma kwa makundi mpaka usiku, mi usiku niko peke yangu na simu inaniishia chaji. Kamaliza kabla yangu pia. Tukikutana Ngamiani ananiambia mshahara wangu haukusimama, namwambia na wewe usingizi wako haukusimama, tunacheka. Na siku hizi bodi ya mikopo inatoa hadi diploma, toka mwaka wa masomo 2023/24 na baadhi ya fani za afya zimo, ulizia kama unesi umo, kwa hiyo dogo anayeanza asikimbilie mtandaoni kwa kuogopa ada kabla hajajaribu huko.

Kingine, matangazo ya "soma uuguzi mtandaoni miezi mitatu upate cheti cha kimataifa", tupa kule. Watu wanapenda kusema mbona Marekani wanasoma unesi onlaini. Wanasoma ndio, ila nyingi ya hizo ni za mtu ambaye ni nesi tayari, ana leseni, anaongeza digrii, na anayeanza lazima apige saa zake hospitalini ndo akafanye mtihani wao wa leseni, NCLEX. Na hukohuko Januari 2023 serikali yao ilifichua diploma feki za unesi zaidi ya 7,600 zilizouzwa kupitia vyuo vitatu vya Florida, watu wamenunua karatasi wakaenda kukaa mtihani wa leseni, na wengine wakafaulu wakaingia mahospitalini. Hebu waza huyo ndo anakuwekea kanula wewe.

Kabla hujalipa hata fomu, hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, na kozi yenyewe, sio chuo tu, ina ruhusa ya kufundishwa kwa njia hiyo, halafu uliza Baraza la Uuguzi na Ukunga kama ukimaliza watakusajili kwa ngazi hiyo. Ukimaliza hayo muulize huyo wa udahili, vitendo nafanyia wapi na nani ananisainia. Mimi chuo kilikuwa na makubaliano na hospitali, jina la msimamizi nilipewa wiki ya kwanza. Wenzangu wa chuo kingine waliambiwa wajitafutie, wakawa wanazunguka na barua mkononi wodi hadi wodi wakibembeleza matroni, na kuna mmoja mpaka leo hajamaliza kwa sababu ya sahihi tu.