Kitalu cha Nyali: nyasi nzuri, muuzaji hafai

Nimekasirika na sitaficha. Niliingia kitalu kimoja cha miche kando ya barabara huku Nyali, Mombasa, nikauliza swali moja tu: mimea gani mifupi inastahimili kivuli cha mwembe? Muuzaji hata hakuinua macho kwenye simu. "Dada, ua ni ua. Tia maji, litashika." Akanijazia katoni ya portulaka.

Portulaka! Mmea unaotaka jua kali karibu siku nzima, na maua yake hayafunguki lisipoyapiga. Kivulini shina hurefuka likitafuta mwanga, majani yanaachana, na kwa kuwa limejaa maji, udongo usiokauka huliozesha kuanzia chini. Ndivyo ilivyokuwa: jeusi, ukilishika linabonyea na kuteleza kama bamia. Nilipomrudishia akanijibu mbele ya wateja, "Kama kwako hakuna jua, mimi nifanyeje?" Hilo jua ndilo alilopaswa kuniuliza mwanzo: linapiga wapi saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa?

Basi mkienda, nendeni na jibu lenu. Pasipofika jua kabisa, chukueni nyasi ya mondo (Ophiopogon japonicus). Acheni sentimita 20 kati ya shina na shina, yaani mashina 25 kwa mita moja ya mraba. Inakua polepole mno, msiing'oe kwa papara. Anayetaka kufunika udongo haraka apande Tradescantia zebrina, ile ya majani ya zambarau yenye michirizi ya fedha: vipande vya sentimita 10, vifundo viwili (pale jani linapotokea kwenye shina) ndani ya udongo, umbali wa sentimita 30. Lakini isikae kitanda kimoja na mondo, itaimeza.

Chini ya mwembe kivuli ni nusu ya tatizo. Mizizi ya mti hunyonya maji yote. Mizizi minene msiikate, wala msirundike udongo kwenye shina la mti. Tandazeni samadi iliyooza unene wa sentimita 5. Kitanda cha mita 3 za mraba kinakula madebe saba na nusu ya lita 20. Samadi mbichi huunguza mizizi. Maji ya kisima yenye chumvi nayo huchoma ncha za majani, kwa hivyo kingeni ya mvua. Na majani ya mwembe yaokoteni kwa mkono kabla hayajalala na kuozesha mimea iliyo chini.

Nilikuwa nimeapa sirudi. Lakini mondo yenyewe nimeipata hapo hapo, mizizi myeupe, haina gugu hata moja, na masika haya imeshika yote. Kijana anayemwagilia ndiye aliyenionyesha kuipasua: mfuko mmoja wa mche ukatoa mashina manne. Mondo naipa nyota tano. Yule muuzaji hata moja ni nyingi. Nikirudi, itakuwa asubuhi mapema, nimtafute yule kijana kabla mwenye simu hajafika.