Victoria na Elizabeth II: Nani alikipata kiti kwa shida zaidi?

Malkia hawa wawili wa Uingereza walifikia kiti cha enzi kupitia kwa baba mkubwa. Wa Victoria, William IV, alifariki bila kuacha mtoto halali wa kumrithi. Wa Elizabeth, Edward VIII, alijiuzulu 1936, taji likaenda kwa baba yake, George VI.

Kwangu mimi, urithi wa Victoria ndio uliokuwa mtihani. Alfajiri ya Juni 20, 1837 aliamshwa katika kasri la Kensington, London, akatoka na joho la kulalia kumsikiliza Askofu Mkuu wa Canterbury akimwambia kwamba mfalme amefariki. Alikuwa ametimiza miaka 18 chini ya mwezi mmoja kabla; mfalme angefariki mapema kidogo, mama yake angetawala kwa niaba yake. Tena akaikosa Hannover, ufalme wa Kijerumani uliokuwa chini ya mfalme huyohuyo, kwa kuwa sheria ya huko ilimtanguliza mwanamume.

Elizabeth alikuwa na miaka 25, ana mume na watoto wawili. Baba yake alifariki usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, yeye akiwa hoteli ya Treetops, msitu wa Aberdare, Kenya, akitazama wanyama. Habari alipewa na mumewe, Philip, huko Sagana.

Victoria alitawala miaka 63, Elizabeth 70. Waliongoja ni watoto: Edward VII alirithi akiwa na miaka 59, Charles III 73.