Nyimbo za Akili and Me: chaguo jema kwa wasichana na wavulana

Mzazi anayetafuta muziki usiomdhalilisha mwanamke hatajuta kuanza na nyimbo za Akili and Me, katuni ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam. Mhusika mkuu, Akili, ni msichana wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye huhesabu, huuliza maswali na kujifunza pamoja na marafiki zake wanyama, badala ya kusifiwa sura tu. Kwangu hilo ndilo kubwa, kwa kuwa mtoto hukariri kiitikio kabla hajaelewa maana yake, na wavulana nao wanapaswa kukisikia. Nyimbo zinapatikana bure YouTube. Kwa watoto wa darasa la tatu na kuendelea ni nyepesi mno. Hao nawapendekezea Ubongo Kids, katuni nyingine ya shirika hilo hilo.