Saa naipenda, ila waliyonifanyia dukani siwasamehi

Jamani nina hasira bado. Nimedunduliza karibu miaka 3, kila nikienda Dubai kufuata mzigo wa duka langu la Kariakoo napita pale kwenye kioo naiangalia, naondoka. Safari hii nikasema liwalo na liwe, nikalipa. Saa ya Uswisi, mpya, cheni ya chuma, duka silitaji.

Kabla sijalipa yule kijana alikuwa mnyenyekevu kweli, nimelipa tu sura ikabadilika. Nikamwambia inanichezea mkononi naomba unipunguzie vipande vya cheni, akaichukua akaingia nayo ndani bila hata kunipima, muda si muda huyu hapa karudi nayo. Kuivaa hivi, loki haikai katikati kwa chini, imekimbilia upande wa kidole kidogo, na saa yenyewe imelalia upande wa dole gumba. Nikamwambia kaka hii mbona haijakaa? Akanijibu huku macho yake yapo kwenye simu, "Itazoea mkono." Chuma kinazoeaje mkono? Ngozi sawa, inalegea, lakini chuma jamani! Akaangalia na mfuko wangu wa sampuli chini pale kama nimemwekea uchafu, akahamia kwa mteja mwingine. Mimi na ndege yangu usiku ule ningefanyaje.

Dar sasa. Kule AC inapiga mpaka mkono unanywea, huku joto letu mnalijua, mkono ukavimba cheni ikanibana ikaacha alama. Rolex wana kitu wanaita Easylink, unakunjua tu unapata nafasi ya milimita 5, yangu haina. Na kila nikiweka mkono kaunta ile loki inagonga kioo, ko, ko, siku nzima. Ilifika mahali nikataka kuiuza, kweli kabisa.

Nikampelekea mzee mmoja fundi saa ana kimeza chake huku huku Kariakoo, akabandika lenzi jichoni, akahesabu vipande kimya kimya. "Mdogo wangu, huyu alikuwa anawahi wapi? Vitatu vyote katoa upande wa namba 12." Akachomoa kimoja upande wa namba 6 akakihamishia huku, kisha akanionyesha vitundu vidogo pembeni ya loki, kumbe pini inahama tundu hadi tundu unapata nafasi kidogo kidogo! Akasogeza tundu moja, akapitisha kidole changu kidogo chini ya loki, kikapita vizuri. Kazi ya dakika kumi, elfu kumi tu. Yule wa dukani vitundu hivyo hakuvigusa kabisa, sijui hata kama anajua vipo.

Sasa hivi imekaa, Mungu anajua, imetulia mkononi mpaka nasahau kama nimeivaa. Ile ya kuiuza nimeacha, siiuzi, pesa yangu sijaijutia. Lakini mzee alipoigeuza akanionyesha mkwaruzo pembeni ya kipande cha mwisho, bisibisi ya yule kijana iliteleza. Mdogo, mtu mwingine hawezi kuuona. Mimi nauona kila nikifunga loki asubuhi.